Mama Yako Tulishamzika

Sheria za chuo tulisomewa jioni ya kwanza, tukiwa bado na vumbi la safari masikioni. Aliyezisoma alikuwa Bibi Dorika, mlezi wa wanafunzi wa kike, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alisoma kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiswahili ili asitokee mtu wa kusema hakusikia. Tusipike vyumbani. Tusivae nguo za kuonyesha magoti. Jumamosi tushike majembe twende shamba la chuo, kwa sababu ni jasho la mkulima lililotuleta pale, na siku tukimsahau mkulima tufungashe virago. Mihadhara ni lazima, na mahudhurio yanaitwa kwa jina. Atakayekosa bila ruhusa hataingia kwenye mtihani. Atakayesema uongo ili apate ruhusa atafukuzwa, na asitume mtu kumwombea. Ruhusa yenyewe hutolewa kwa aliyelazwa hospitali, au anayekwenda kuzika mzazi. Mara moja kwa baba, mara moja kwa mama.

Hapo nilicheka, nikajifanya nakohoa. Mara moja kwa mama! Kwetu Unyambwa sikuwahi kukutana na mtu mwenye mama mmoja. Nilidhani wamefupisha tu mambo kwa ajili ya Kiingereza, maana ni lugha yenye haraka, na kwamba ukifika wakati wenyewe watu wazima wataelewana.

Mimi nilikuwa na mama wawili, ukiacha wale wa ukoo. Selina alinizaa. Alipojifungua alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka, na dada yake Anastasia, ambaye alikuwa ametoka kuzika kichanga chake, akaja akanichukua akanipeleka kwake Mwankoko akaninyonyesha. Nilikaa huko mpaka nikaota meno ya pili. Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Baadaye nikarudishwa Unyambwa, halafu ikawa ni kwenda na kurudi, likizo hii kwa huyu na likizo ile kwa yule. Nikiwa Unyambwa nilimlilia Anastasia, nikiwa Mwankoko nilimlilia Selina. Tangu utoto wangu sijui kukaa mahali bila kutamani pengine, na sioni dalili kwamba nitajifunza sasa.

Wote niliwaita mama. Kinyaturu tulichosema nyumbani kilikuwa na neno hilo moja kwa wote wawili. Kiswahili kinayo maneno ya kugawa, mama mkubwa na mama mdogo, tunayajua, lakini kwetu hayakuvuka kizingiti. Anastasia hakupata mtoto mwingine. Kumwita mama mkubwa mbele ya watu ingekuwa kama kumwambia asogee pembeni kidogo, na hakuna aliyekuwa na roho ngumu kiasi hicho.

Basi mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwaka wa sitini na tisa, Damiani kaka yangu aliniletea simu ya maandishi. MAMA AMEFARIKI NJOO. Nilijua ni yupi, maana barua yake ya nyuma ilikuwa imesema kule Mwankoko hawapati usingizi kwa kikohozi cha Mama Anastasia. Nilikimbia kwa Bibi Dorika peku. Akaniuliza, ni mama? Nikasema ni mama. Akanikalisha, akanipa maji, akaandika ruhusa kwa mkono wake, na nilipokuwa natoka akanitia pakiti ya sukari kwenye kikapu kwa ajili ya waombolezaji. Katika jalada langu akaandika kwamba mama ni marehemu. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Nilimzika Mama Anastasia nikarudi. Chuo nilikipenda, hilo nalisema wazi, kwa sababu wapo wanaodhani msichana wa bara alikwenda kule kuteseka. Nilisoma mambo ya mimea. Siku moja mhadhiri alitupa jani tuliangalie kwenye hadubini, na lile jani lilikuwa mlenda, mlenda huu huu niliouchuma tangu utoto kwenye mashamba ya uwele. Kumbe ulikuwa na jina la Kilatini na vyumba vidogo vidogo ndani, vimepangwa vizuri kuliko nyumba za serikali. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilitamani kumwonyesha mama. Nilimwandikia Damiani amsomee, naye akajibu kwamba mama amesema sawa, lakini je, huko mnaula au mnauangalia tu?

Mwaka wa pili ukaja, na simu nyingine. MAMA MGONJWA SANA ANAKUITA.

Bibi Dorika aliisoma akiwa amesimama. Akaenda kabatini, akatoa jalada langu, akalitazama kwa muda, akalifunga.

"Theodora," akasema, "mama yako tulishamzika."

Nilieleza. Nilieleza kwa kirefu na kwa ukali, maana mimi nikibanwa silii, nakuwa mkali. Nilisema habari ya homa na maziwa na Mwankoko. Nilisema kila Jumamosi tunahubiriwa tumkumbuke mkulima, na huyu hapa mkulima mwenyewe, anakufa, na sina ruhusa ya kwenda kumkumbuka. Katikati ya maneno hayo yote nilikuwa nikimwita yeye mama, kama wasichana wote tulivyomwita, na wala hakuna kati yetu aliyeshtuka.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema unafikiri silijui hilo, mimi ninao wanne. Lakini walioandika sheria hii walikuwa na mmoja mmoja, na kamati ya nidhamu inasoma kilichoandikwa.

Akanifungulia jambo lote polepole, kama anavyofungua mtu furushi lenye vyombo vya kuvunjika. Sasa nilikuwa na mama wawili kwenye jalada moja. Kamati itataka barua ya tawi la TANU la nyumbani, yenye muhuri, kusema mama yangu ni nani. Barua ikisema ni yule mgonjwa, basi mwaka jana nilichukua ruhusa kwa uongo, na adhabu ya uongo naijua. Barua ikisema ni yule tuliyemzika, basi sina kosa, nitaendelea kusoma. Ila huyu mgonjwa si mzazi, na kwa mtu asiye mzazi hakuna ruhusa, hata ya kuzika.

"Sikupi ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa," akasema. "Sina uwezo huo. Nakupa ruhusa ya kwenda kuchukua barua. Uwe umerudi kabla kamati haijakaa mwisho wa mwezi."

Halafu akageukia dirisha, akaongeza kwamba barua nyingine huchukua muda kuandikwa, hasa vijijini. Nilimshukuru kwa kichwa tu. Ningefungua mdomo ningemgombeza tena.

Kwenye gari moshi nilikaa na uamuzi wangu. Nitamwambia katibu wa tawi aandike ukweli, kwamba Selina binti fulani ndiye aliyenizaa na yu hai, na chuo kiende zake. Sitamkana mtu aliyenibeba tumboni kwa ajili ya kiti cha darasani. Nilijisikia mshindi mpaka Dodoma. Baada ya Dodoma nikaanza kukikumbuka hicho kiti. Kilikuwa cha dirishani, mstari wa pili, na mtu aliyenitangulia miaka ya nyuma alikuwa amechora kuku kwenye mbao zake. Nikajiuliza watamkalisha nani. Nilipoteremka Manyoni kupanda basi la Singida nilikuwa na hamu na kile kiti kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Mama alikuwa amelala ndani ya tembe, kwenye kitanda cha kamba, upande ambao upepo haufiki. Hospitali ya mjini walimpima, wakamrudisha, na Damiani hakunificha maana yake. Mwili wote ulikuwa umekwisha, tumbo peke yake ndilo lililobaki kubwa. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akasema kwa Kinyaturu kwamba nimekonda, huko labda kweli wanauangalia tu mlenda. Nikacheka. Nilikuwa nimemkumbuka kiasi kwamba kicheko kilinitoka na machozi yake.

Nilimwambia tumepewa likizo fupi. Sikumtajia barua.

Siku zile zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe kwa neno hilo. Nilimwogesha, nilimpikia uji wa uwele, nilimsuka nywele zilizobaki. Alitaka kujua kila kitu cha chuo, si masomo, bali mambo yenyewe: tunalala wangapi, maji yanatoka wapi, mwalimu akiingia tunasimama? Nilimweleza habari ya mahudhurio. Asubuhi mhadhiri anaita majina kwa mpangilio, na kila mtu akifikiwa anaitikia kwa Kiingereza kwamba yupo.

"Unasemaje, kwa Kiswahili?"

"Nasema nipo."

"Na ukisema nipo wanajua umefika?"

"Wanaweka alama."

Alilipenda hilo. Kuanzia hapo, nikiwa nje nachekecha unga au naanika mboga, nilimsikia akiita kutoka ndani, kwa sauti nyembamba: Theodora. Nami nilijibu, nipo, mama. Nilipokuwa nakimbilia ndani nikidhani anataka maji, alinirudisha kwa mkono. Hakutaka kitu. Alisema tu "sawa", akafumba macho. Mara ya tatu au ya nne nikaelewa kwamba ndio mchezo wenyewe, nikawa naitikia bila kuacha kazi, na sijapata kuwa na raha kama ile tena. Ningekaa pale nikiitwa mpaka mvi.

Lakini mwezi ulikuwa unakwenda. Siku moja asubuhi nilikwenda kwa Bonifasi, katibu wa tawi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye suti ya Kichina iliyofuliwa mpaka ikawa haina rangi ya kutajika, na siku hizo alikuwa na kazi nyingi ya kuwaandikisha watu wa kuhamia kijiji cha ujamaa ng'ambo ya majabali. Nilimwambia jambo langu, nikamwambia na ninachotaka aandike. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema hawezi.

Nilimuuliza kwa nini, tena si kwa adabu inayotakiwa. Akasema mama yupo hai. Yeye Bonifasi haandiki habari za mtu aliye hai bila kwenda kumuuliza mwenyewe. Hata ng'ombe hawaandiki mpaka awaone. Nilimsihi asiende. Akasema basi hakuna barua.

Alikuja jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa, amebeba muhuri na kidau cha wino kwenye mfuko wa kitambaa. Akaamkia, akaulizia hali, akala karanga alizopewa. Kisha akauliza kwa sauti ya kazi, mama yake Theodora ni nani? Mama akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. Akataka kujua kwa nini anauliza. Na Bonifasi, kwa kuwa aliulizwa, akajibu. Alieleza yote tangu mwanzo, simu ya kwanza, jalada, simu ya pili, kamati, kwa utaratibu kabisa, kama anasoma taarifa kwenye mkutano. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na unga mikononi. Nilitamani paa la tembe litushukie wote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba arudie kipande kile kimoja: wakiandika Selina, mtoto anafanywaje?

Bonifasi akasema anafukuzwa.

Akauliza kama anaweza kurudi mwaka mwingine. Bonifasi akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Akauliza, na wakiandika dada?

"Anasoma mpaka amalize," akasema Bonifasi. "Ila wewe, mama, kwao utakuwa si mzazi. Hata ukizidiwa, hapewi ruhusa."

Mama akamwambia Damiani amkalishe. Damiani akamwinua kwa makwapa, akamwegemeza ukutani, na yeye akavuta kanga akajifunika kichwa, kama alivyofanya kila alipokuwa na jambo na watu wa serikali. Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho alikitumia hospitali na ofisini tu:

"Andika. Mimi ni mama mdogo."

Nilisema mengi hapo, na sikuyasema kwa upole. Nilimwambia Bonifasi asithubutu kugusisha kalamu kwenye karatasi. Nilimgeukia mama kwa Kinyaturu, nikamwambia chuo hicho sikitaki, nitakaa nyumbani nilime, kwani ujamaa si ndio huo, wanaotakiwa ni wa kulima. Nilimwambia nimekuja kwa ajili yake na si kwa ajili ya muhuri. Aliningoja nikaishiwa pumzi.

"Nani alikunyonyesha?" akaniuliza.

Nikasema ni Mama Mwankoko.

"Nani alikupeleka shule?"

Nikasema ni huyo huyo.

"Basi uongo uko wapi. Mimi nilikuzaa. Hilo nalijua mimi, na wewe unalijua. Serikali haina kazi nalo."

Damiani alikuwa anatazama ukuta. Nilimchukia kwa kunyamaza, lakini nadhani alinyamaza kwa sababu alijua, kama nilivyojua mimi chini ya kelele zangu, kwamba natamani kurudi. Mama alikuwa ameliona tangu ile barua ya mlenda. Huwezi kumficha mtu aliyekuzaa kwamba una hamu na mahali pengine.

Bonifasi akakohoa. Akasema, kwa kusitasita, kwamba yeye anaandika alichokisikia, na mpaka hapo amesikia upande mmoja. Alichokisikia kwa binti ni mama, mama, toka alipoingia. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi, na kama kila mtu serikalini angefanya kazi hivyo nchi ingekuwa mbali.

"Atasikia," akasema mama. Akanitazama. "Theodora."

"Nipo, mama," nikajibu. Kwa mazoea. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Akatikisa kichwa. Akaita tena, polepole zaidi, kama anayemfundisha mtoto hatua.

"Theodora."

Nilimwona jinsi shingo ilivyokuwa imepungua, jinsi anavyojikaza asiegemee. Nilijua kwamba nikikataa ataita mara ya tatu, na ya nne, mpaka nguvu zimwishie pale pale. Nilisema.

"Nipo, mama mdogo."

"Sawa," akasema.

Bonifasi akaandika barua yake juu ya goti, akaupumulia muhuri, akaugonga. Alipoondoka aliniambia pole bila kunitazama, kama mtu aliyetoka kuzika.

Nilikuwa nimebakiwa na siku chache, na mama hakuniruhusu kuziharibu, au yeye ndiye aliyeziharibu, sijui niseme vipi. Hakukubali nirudi kwenye neno la zamani. Alisema nikilizoea hili ulimi hautateleza mbele ya wakubwa. Kwa hiyo nilipokuwa nje nikasikia Theodora, nilijibu nipo, mama mdogo, na akasema sawa. Nikisahau alinyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kugombezwa. Niliwahi kumwambia kwa hasira kwamba hakuna mtu hapa, Bonifasi yuko kwake anakula, niache nikuite. Alitabasamu. Akasema ningoje nimalize shule, nitamwita nitakavyo.

Sote wawili tulijua kwamba siku hiyo hataiona. Alilisema tu ili nipate kitu cha kungojea.

Asubuhi ya kuondoka nilimwandalia uji, nikamfunga kanga safi, nikapiga magoti nikaaga. Alinitemea mate ya baraka kifuani kama anavyofanyiwa mtu wa safari, akanipa kifuko cha mlenda mkavu, akasema nikawape wale wanaouangalia. Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa miba, Damiani mbele na sanduku langu kichwani, nilipoisikia ile sauti nyembamba kutoka ndani.

"Theodora."

Nikasimama. "Nipo, mama mdogo."

Alikawia. Nilidhani safari hii atanirudisha. Nilitamani anirudishe, angesema neno moja tu ningelivunja sanduku lile liwe kuni.

"Sawa," akasema. "Nenda."

Kamati ilimaliza habari yangu upesi kuliko nilivyotarajia. Barua ilisomwa, muhuri ukatazamwa, mzee mmoja wa kamati akanisifu kwa kufuata utaratibu na kuwaambia wengine waige. Nilisema asante. Bibi Dorika, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, aliichukua ile barua akaisoma mwenyewe, akairudia. Baadaye kwenye ukumbi wa bweni aliniita pembeni.

"Na mama mdogo anaendeleaje?" akauliza. Alilitamka lile neno kwa uangalifu sana.

Nikasema ni mgonjwa. Akasema anasikitika. Sheria ilikuwa imeshawekwa sawa na sisi ndio tuliosaidia kuiweka.

Nikarudi kwenye kiti changu cha dirishani. Yule kuku alikuwepo. Nilikuwa nimekitamani kile kiti njia nzima, na sasa nimekikalia nikawa natamani kuchekecha unga kwenye ua wa Unyambwa. Nilisoma kwa bidii iliyonitisha mwenyewe, kwa sababu kila saa niliyokaa pale ilikuwa imetoka kwake. Mlenda wake niliupika mara moja jikoni kwa wapishi, kwa ruhusa. Uliobaki sikuupika. Niliufungua tu mfuko, nikanusa, nikaufunga.

Simu ilikuja siku ya mhadhara wa mimea, asubuhi. Zote zilipitia ofisini kwanza, na Damiani alilijua hilo. Damiani, ambaye alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyemwita mama kabla sijazaliwa, alikuwa amesimama mbele ya karani wa posta mjini Singida na kuandika: MAMA MDOGO AMEFARIKI TUMEZIKA USIJE.

Bibi Dorika alinipa mkononi. Akaniuliza kama ningependa kukaa nyumbani kwake siku ile, atasema ninaumwa. Nikamwambia hapana, nina mhadhara. Wala haukuwa ushujaa. Sikujua tu mtu anakaa wapi na msiba ambao kwa maandishi si wake. Kulia kwa mama mdogo kunaruhusiwa kiasi gani? Ningemlilia ningemwita nani?

Nilikaa. Nilitoa daftari. Nje watunza bustani walikuwa wanamwagilia, na maji yalikuwa yananukia udongo uliokauka, na kwa harufu hiyo nilikuwa nyumbani, kwenye ua, mikono imejaa unga. Mhadhiri, bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa na haraka siku zote, alifungua orodha yake akaanza kuita. Alice. Cosmas. Majina yalikuwa yanakuja kuelekea kwangu moja moja, na wenzangu wakijibu kwa Kiingereza kama tulivyofundishwa.

Akaniita.

"Nipo, mama," nikasema.

Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili ifike ndani. Darasa zima likacheka. Mhadhiri akanitazama juu ya miwani yake, akaweka alama, akaita jina lililofuata.